Wafanyakazi wakimkatalia mshauri elekezi, soma mkataba wake kwanza

Ukisoma hadidu za rejea (maelezo ya kazi anayopewa mshauri) za kazi nyingi za ushauri wa biashara, utakuta wafanyakazi wametajwa mara moja tu, karibu na mwisho: mshauri "atatoa mafunzo kwa watumiaji". Kurasa zilizotangulia zimejaa mfumo mpya wa stoo, muundo mpya wa idara, ripoti ya awali, ripoti ya kati na ripoti ya mwisho. Miezi minne baadaye mwenye kiwanda analalamika kwamba watu wake ni wagumu, wamezoea mazoea. Mshauri ameshalipwa, ameshaondoka. Vishikwambi vya mfumo mpya vimefungiwa kabatini na daftari la stoo limerudi mezani.

Ugumu huo, kwa sehemu kubwa, hutengenezwa na mwajiri na mshauri wenyewe, tena mapema, kabla ya mafunzo yoyote kuanza. Anayekataa mfumo mpya mara nyingi ameshapiga hesabu yake kimyakimya, na hesabu hiyo huwa sahihi kuliko ile iliyo kwenye ripoti.

Chukua kiwanda cha kukamua alizeti cha ukubwa wa kati, kama vilivyopo vingi Dodoma na Singida. Opereta wa mashine ana mshahara wa msingi wa shilingi 390,000. Kwa saa 45 za wiki, ambazo ndizo ukomo wa saa za kawaida chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mwezi wake una saa kama 195. Saa moja ni shilingi 2,000. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, kwa hiyo ni 3,000. Mashine zikisumbua na zamu zikarefuka kufidia, akafanya saa 30 za ziada kwa mwezi, anaondoka na 90,000 juu ya mshahara. Hiyo ni karibu robo ya msingi wake. Ndiyo kodi ya chumba Nkuhungu, Dodoma, na nauli ya watoto kwenda shule.

Sasa anakuja mshauri na mpango mzuri wa matengenezo: vipuri vinavyolika vibadilishwe kabla havijakatika, grisi iwekwe kwa ratiba, opereta ajaze fomu ya ukaguzi kila anapoingia zamu. Mashine hazitasimama ovyo tena. Kwa mwenye kiwanda huo ni ufanisi. Kwa opereta ni kupoteza 90,000 kila mwezi, na fomu ya kumpotezea anaijaza kwa mkono wake mwenyewe. Halafu tunashangaa fomu zinajazwa zote Ijumaa jioni kwa kalamu moja, alama za vema kuanzia juu hadi chini.

Dawa yake inajulikana, ila inauma kidogo. Mshauri anapokadiria akiba, aandike pembeni nani anaipoteza na kiasi gani. Kama maopereta ni 12, saa za ziada zitakazofutika zina thamani ya shilingi 1,080,000 kwa mwezi. Rudisha nusu yake kwao kwa miezi sita ya mwanzo, 45,000 kwa kila mmoja, ikifungamanishwa na siku ambazo mashine hazikusimama. Baada ya hapo ihamie kwenye bonasi ya uzalishaji. Kiwanda bado kinabaki na nusu nyingine, pamoja na mafuta yaliyokuwa yanapotea mashine ikisimama. Mwajiri asiyekubali kurudisha hata shilingi aseme hivyo waziwazi tangu mwanzo. Watu hupokea hasara iliyosemwa vizuri kuliko hasara waliyoigundua wenyewe kwenye karatasi ya mshahara.

Hesabu ya pili kichwani mwa mfanyakazi ni ya kupunguzwa kazi. Sheria hiyo hiyo inampa kiinua mgongo cha siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka aliomaliza, isizidi miaka kumi. Kwa opereta wetu siku moja ya kazi (saa saba na nusu) ni 15,000, siku saba ni 105,000. Akiwa na miaka minane kazini, anapata 840,000. Akiwa na miaka 15, bado inahesabiwa kumi: 1,050,000. Kiasi hicho hakimfikishi mbali, naye anajua. Mshauri anaposimama mbele na kusema "tunakuja kuangalia tija", yeye anasikia 840,000.

Ndiyo maana siku ya kwanza lazima iwe na jibu kuhusu ajira, na litolewe na mwenye kampuni, mshauri akiwa ameketi. Majibu yanayofaa ni matatu tu. Hakuna atakayepunguzwa kwa sababu ya kazi hii, na ahadi hiyo imeandikwa. Au hakuna atakayepunguzwa, ila baadhi watahamishwa kazi bila kushushwa mshahara. Au kupunguza kunafikiriwa, na kuanzia leo tunaanza mashauriano. La tatu ndilo gumu, na ndilo waajiri wengi hulificha mpaka ripoti ikamilike. Hapo wanajiingiza wenyewe shimoni, kwa sababu kifungu cha 38 kinamtaka mwajiri atoe taarifa mara tu nia ya kupunguza inapofikiriwa, atoe maelezo yanayohusika, na ashauriane na wafanyakazi au chama chao kuhusu sababu, njia za kuepuka au kupunguza idadi, namna ya kuwachagua watakaoondoka, na malipo. Ripoti yenye majina tayari, imeshasainiwa, halafu ndipo kikao cha "mashauriano" kinaitwa: mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hiyo ni kesi mbaya kwa mwajiri. Na ripoti ya namna hiyo haifichiki. Inachapishwa na mtu, inatolewa kopi na mtu, na kabla ya chai ya saa nne kantini nzima inajua ukurasa wenye jedwali.

Wakazi wa Dodoma wana mfano mkubwa wa haya mlangoni kwao. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi hapa ulifanywa 1973. Kwa zaidi ya miaka 40 wizara nyingi ziliendelea kuishi Dar es Salaam. Mwendo ulibadilika baada ya tangazo la Julai 2016 kwamba serikali sasa inahamia: Waziri Mkuu akahamia mwaka huohuo, Makamu wa Rais akafuata Desemba 2017, Rais mwenyewe Oktoba 2019. Kulikuwa na tarehe, na wakubwa walitangulia. Kwa mtumishi wa kawaida, hoja haikuwa kama Dodoma ni katikati ya nchi. Hilo analijua tangu shule ya msingi. Aliuliza nyumba ataipata wapi, mwenzi wake anayefanya kazi Dar afanyeje, watoto wahame shule katikati ya muhula au la, na posho ya uhamisho inaingia lini. Mabadiliko ya kiwandani yana maswali ya umbo hilohilo, ila hakuna anayeyaandika kwenye hadidu za rejea.

Kuna utafiti wa zamani ambao wanaofanya kazi hii wangepaswa kuujua kwa moyo. Mwaka 1948 Lester Coch na John French walichapisha matokeo ya jaribio katika kiwanda cha nguo cha Harwood huko Virginia, Marekani. Kazi na viwango vya malipo kwa kipande vilikuwa vinabadilishwa. Kundi moja liliitwa, likaelezwa, likaambiwa lianze. La pili lilishiriki kupitia wawakilishi. Katika makundi mengine kila mmoja alishiriki: wakaonyeshwa sababu ya mabadiliko, wakapendekeza namna ya kurahisisha kazi, na viwango vipya vikapimwa kwao. Katika kundi lililoelezwa tu, asilimia 17 waliacha kazi ndani ya siku 40 za mwanzo na uzalishaji haukurudi. Makundi ambayo kila mmoja alishiriki yalifidia haraka na kupanda juu ya kiwango cha awali kwa takribani asilimia 14. Lakini sehemu nzito zaidi ni hii: waliobaki wa lile kundi la kwanza walikusanywa tena baada ya miezi miwili na nusu hivi, wakapewa kazi nyingine mpya, safari hii kwa kushirikishwa wote. Nao walipanda haraka. Ni watu walewale walioitwa wagumu.

Neno "ushirikishwaji" limechoka hapa kwetu. Limetumika kwa kila semina ya siku moja yenye maji ya chupa na posho. Mtu kuhudhuria na kusaini karatasi ya mahudhurio hakumaanishi amekubali chochote. Kushirikishwa ni pale ambapo maneno ya mfanyakazi yanabadilisha kitu kwenye mfumo wenyewe, na yeye anakiona kimebadilika.

Stoo inalionyesha hilo vizuri kuliko mahali pengine popote. Mshauri anaondoa daftari, analeta mfumo wa kishikwambi: gunia zinapimwa zinapoingia, kilo zinarekodiwa, zinapimwa tena zinapokwenda kukamuliwa. Mfumo unatoa tofauti na kuiita upungufu. Storokipa anakataa kuutumia. Anasema mtandao unasumbua, mara macho hayaoni vizuri kwenye kioo, mara chaji imekwisha. Meneja anahitimisha kwamba mzee haijui kompyuta.

Fungua daftari lake. Kando ya safu ya kilo kuna safu nyembamba ya penseli isiyo na kichwa. Hapo anaandika makato ya unyevu na uchafu kwa kila mzigo, kwa kukadiria: kashika mbegu mkononi, kaivunja kwa kucha, kaangalia mchanga chini ya gunia. Mbegu za alizeti zikiingia kilo 10,000 zikiwa na unyevu wa asilimia 11, zikikaa stoo mpaka zikashuka hadi asilimia 8, hesabu ni hii: sehemu kavu ni kilo 8,900, ugawe kwa 0.92, unapata kilo 9,674. Kilo 326 zimekwenda hewani na hakuna aliyeiba hata punje. Weka na mabua na mchanga wa asilimia mbili, umevuka kilo 500. Mfumo mpya hauna sehemu ya kuandika hayo. Kwa hiyo kila mwezi utamtangaza storokipa kuwa ana upungufu wa nusu tani, na anajua kinachofuata: barua ya kujieleza. Kilio cha chaji na macho ni heshima tu. Hataki kumwambia bosi mbele ya mgeni kwamba mfumo alioununua unakosea hesabu.

Marekebisho yake ni ya siku chache kwa mtaalamu wa programu: sehemu tatu za kujaza (unyevu wakati wa kuingia, unyevu wakati wa kutoka, na asilimia ya uchafu baada ya kupepeta), pamoja na kipimo cha unyevu cha mkononi ili kukadiria kwa kucha kukome. Storokipa akae na mtaalamu huyo asubuhi mbili, daftari likiwa wazi kati yao. Nimependekeza asubuhi kwa sababu mchana magari yanapakua.

Tena yupo wa kumsalimia kwanza. Mshauri wa miaka 27 anapoingia stoo na kumwita mtu wa miaka 58 kwa jina tupu, ameshapoteza wiki mbili. "Shikamoo mzee" haigharimu kitu, na kwa kiwanda chenye Wagogo wengi, hata "mbukwa" ya kubahatisha hufungua mazungumzo. Slaidi za Kiingereza zibaki kwa bodi.

Ratiba nayo huharibu mengi. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, mshauri wa Dar es Salaam anaweza kuja Jumatatu na kurudi Alhamisi bila kuchoka. Matokeo yake hajawahi kuiona zamu ya usiku wala Jumamosi. Kisha anaandika utaratibu wa kukabidhiana zamu kwa kutazama ule wa saa nane mchana, ambapo fundi mkuu yupo, stoo iko wazi na taa hazihitajiki. Usiku stoo ya vipuri imefungwa na ufunguo yuko nao mtu mmoja nyumbani kwake. Katika wiki mbili za kutazama, mkataba umtake awepo walau zamu tatu za usiku, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Na msimu. Alizeti ya kanda ya kati huanza kuvunwa kwa wingi kuanzia Mei. Kuanzisha mfumo Juni, wakati malori yamepanga foleni getini na vibarua wamejaa, ni kuwaomba watu wabebe mizigo miwili kwa mgongo mmoja. Wataacha mpya na kushika wa zamani, na watakuwa sahihi. Jaribio lifanywe Januari hadi Machi, mbegu zikiwa chache, ili makosa yawe madogo. Taasisi za umma zina mtego wake: mwaka wa fedha unaisha 30 Juni, hivyo ushauri unasukumwa kwenye wiki za mwisho ili fedha zisirudi. Mradi ulioanza kwa haraka hiyo wafanyakazi huutambua mara moja, na huusubiri upite.

Kuhusu vikao, niseme lililo wazi kwetu na lisilo wazi kwa washauri wa nje. "Hakuna swali" kwenye kikao cha wote haimaanishi ndiyo. Watu hawampingi mkubwa hadharani; wanapinga mlangoni wakitoka, wawili wawili. Fanya vikao vya watu wasiozidi wanane, kwa zamu, dakika 45, meneja asiwepo, na msemaji wa tawi la chama cha wafanyakazi awepo kama lipo. Uliza swali moja tu: tukianza Jumatatu, kitu gani kitaharibika kwanza? Swali hilo halimtaki mtu apinge. Linamtaka atoe utaalamu wake, na hapo ndipo utasikia kuhusu ufunguo wa usiku. Majibu yabandikwe ukutani ndani ya siku saba, kila moja na mbele yake: limekubaliwa, limekataliwa kwa sababu hii, au linasubiri hadi tarehe fulani. Dodoso lisilo na jina ni zuri ofisini kwenye watu 200. Kwenye idara ya watu sita, ukiuliza jinsia, umri na miaka kazini, kila mtu ameshajulikana, na wao wanajua hivyo kabla hawajashika kalamu. Faili za utumishi ziende kwa mshauri kwa namba badala ya majina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haimsamehe mwajiri kwa sababu aliyezipokea ni mtaalamu.

Wanaosahaulika kabisa ni wasimamizi wa zamu. Opereta anapoteza saa za ziada. Msimamizi anapoteza uwezo wa kuamua nani azipate. Nani aingie usiku, kibarua gani arudi kesho, nani aruhusiwe kuwahi msibani: hiyo ndiyo cheo chake halisi, kuliko kile kilichoandikwa kwenye barua. Mfumo unaopanga zamu kwenye kompyuta unamvua nguo mbele ya watu wake. Usipompa kitu badala yake, ataua mradi bila kusema neno, kwa kuchelewesha tu. Mpe uamuzi ambao hakuwa nao: mamlaka ya kusimamisha mashine kwa sababu ya ubora, au bajeti ndogo ya vipuri ya kila mwezi asiyohitaji kuombea saini. Na yeye afunzwe kwanza, siku tatu kabla ya watu wake, ili wakikwama wamkimbilie yeye.

Sitaki kuwapaka mafuta wafanyakazi wote. Kuna upinzani unaolinda mrija: madumu yanayotoka na mashudu, mizani iliyolegezwa kwa makubaliano. Huwezi kuutambua kwa kumtazama mtu usoni, lakini unaweza kuutambua kwa kuandika. Kila pingamizi liandikwe na tarehe, lirekebishwe, kisha arudiwe yuleyule. Mwenye hoja ya kweli, sehemu ya unyevu ikiongezwa, anaanza kutumia mfumo. Anayelinda mrija anahamia pingamizi jipya, kisha jingine. Likifika la tatu, na mawili ya mwanzo yamerekebishwa na kushuhudiwa, hapo mwajiri ana haki ya kuweka tarehe na kuisimamia. Ila asianze mradi kwa kutangaza kwamba "tunakuja kukamata wezi", maana watu waaminifu ndio watakaokuwa wa kwanza kukunja mikono.

Haya yote yanarudi kwenye mkataba, kwa sababu mshauri hufanya anacholipwa. Akilipwa kwa ripoti, ataleta ripoti. Pendekezo langu ni asilimia 30 baada ya wiki za kutazama na orodha ya nani anapoteza nini, 40 baada ya jaribio la wiki nne kwenye zamu moja tu, na 30 za mwisho siku 60 baada ya yeye kuondoka, iwapo mfumo bado unatumika kwa kipimo mlichoandika pamoja. Washauri wengi watalikataa hilo la mwisho. Mnaweza kukutana kwenye 20, lakini msilifute. Mkataba utaje pia wafanyakazi wawili watakaofanya kazi naye bega kwa bega, waliopunguziwa nusu ya majukumu yao kwa maandishi. Bila maandishi hayo watafanya kazi zote mbili, na ya mshauri itafanywa usiku.

Daftari la zamani lisinyang'anywe siku ya kwanza. Liendeshwe sambamba na mfumo kwa wiki nne, zisizidi sita, na tarehe ya kulifunga itangazwe mwanzoni, maana kuandika mara mbili kukidumu, kinachodumu ni kile kilichozoeleka. Wiki ya kumi, mshauri akiwa ameshaondoka, mwenye kiwanda apite stoo mwenyewe. Akikuta daftari bado linaandikwa, asifoke. Avute kiti, aombe kuona ukurasa wa leo, aulize ni safu ipi ambayo kishikwambi bado hakina, kisha ampigie simu mtaalamu wa programu akiwa palepale, mzee akisikia.